Kuchemsha, mvuke au maji ya klorini: chupa za mtoto mchanga uzitakase kwa njia gani?

Mtoto wa kwanza nilimchemshia chupa kwenye sufuria mpaka akaacha kunyonya, wa pili nikapewa zawadi ya mashine ya mvuke ya umeme, na katikati hapo tulihama nyumba jiko likawa halijafungwa wiki mbili na zaidi nikawa naloweka kwenye maji ya vidonge vya klorini. Kwa hiyo njia tatu nazijua kwa vidole vyangu. Ya maikrowevu niliitumia nilipokua nakaa na mdogo wangu baada ya yeye kujifungua, na zile mbili zilizobaki, mashine ya kuoshea vyombo na kabati la taa ya UV (mwanga wa kuua vijidudu), nitazipitia haraka kwa sababu kila moja ina jambo moja tu la kuliangalia.

Swali ninaloulizwa kila siku ni "ipi inaua vijidudu zaidi?" na mi naona hilo swali halikusaidii kabisa kuchagua. Kuchemsha, mvuke, maikrowevu yenye kifaa chake, klorini, zote zikifanywa inavyotakiwa zinamaliza kazi. Swali la maana ni ipi utaifanya sawasawa saa tisa usiku, mtoto yuko begani analia, hiyo ni chupa ya saba tangu asubuhi na wewe hujalala masaa matatu mfululizo tangu mwezi uanze. Hapo ndo njia zinapoachana.

Kwanza kuosha, jamani

Hili naliweka mbele kwa sababu nimeona watu wanalinganisha mashine za mvuke wiki nzima afu chupa yenyewe wanaisuuza tu. Maziwa yana mafuta na protini, yakikauka yanaganda kwenye kuta za chupa na ndani ya chuchu yanakua kama utando, na bakteria wanajificha humo humo. Ukichemsha chupa yenye utando umeupika tu ukashika zaidi. Ukiiloweka kwenye klorini, nguvu ya klorini inaishia kwenye mabaki ya maziwa badala ya kwenye vijidudu. Yani hakuna hata njia moja kati ya hizi inayosamehe chupa chafu.

Ninavyofanya mimi: mtoto akimaliza tu namwaga kilichobaki, nasuuza kwa maji ya baridi kwanza (ya moto yanagandisha protini), afu nafungua kila kitu, chuchu, ringi, kifuniko, ile valvu ndogo ya kuzuia gesi kama ipo, naosha kwa maji ya moto na sabuni. Kuna beseni la chupa za mtoto tu na brashi ya chupa za mtoto tu, sioshei ndani ya sinki moja kwa moja maana sinki ndo limepita nyama mbichi na masufuria ya jana. Chuchu naigeuza nje ndani, nasugua, afu nakamua maji yatoke kwenye katundu kake nione yanapita. Kuna wanaosugua chuchu kwa chumvi, hiyo acheni, chumvi ikibaki inamuumiza mtoto mchanga, figo zake bado changa. Nasuuza kwa maji safi yanayotiririka. Brashi na beseni navyo vinaoshwa, siku chache chache hivi, watu wanasahau kabisa.

Na ukiwa dukani unachagua chupa, chagua ile yenye vipande vichache na mdomo mpana. Karne ya 19 kule Ulaya zilikuwepo chupa za kioo zenye mrija mrefu wa mpira, mtoto ananyonya mwenyewe amelazwa, mama anaendelea na kazi. Mrija ulikua hauoshiki ndani, watoto wengi walikufa, zikaja kuitwa chupa za mauti na Ufaransa ikazipiga marufuku kisheria mwaka 1910. Kwa hiyo mi nikiona chupa ya kisasa ina mirija na vipande vipande ndani eti inazuia tumbo kujaa gesi, najiuliza kwanza brashi inafika?

Kwa nini yote haya kwa mchanga

Kinga yake bado haijakomaa, hasa miezi miwili ya mwanzo, na zaidi kama kazaliwa njiti. Kuna bakteria anaitwa Cronobacter anayeweza kuishi kwenye vitu vikavu, ikiwemo maziwa ya unga, na akimpata mtoto mchanga anaweza kumletea maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo. Ni nadra ila ni mbaya sana. Maziwa ya kopo ya unga hayajatakaswa hata kama kopo limefunguliwa sasa hivi, ndo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2007 wanasema unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, afu uyapoze ndo umpe. Chupa iliyotakaswa vizuri ikawekwa unga na maji ya uvuguvugu, umefanya nusu ya kazi.

Utatakasa mpaka lini? Hapa wakubwa hawasemi kitu kimoja. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wanasema osha kila baada ya kutumia, na kutakasa angalau mara moja kwa siku ni muhimu hasa kwa mtoto wa chini ya miezi 2, njiti, au mwenye kinga dhaifu. NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, wao wanasema takasa kila kitu mpaka mtoto afikishe miezi 12. Mi nilifuata ya Uingereza kwa wote wawili miezi mitatu ya kwanza kila chupa kila mara, baada ya hapo nikawa natakasa mara moja kwa siku, usiku, na sijutii. Kama wako ni njiti au alikua mgonjwa muulize daktari wake, usifuate mimi.

Sufuria

Faida yake inajulikana, kila nyumba ina sufuria. Chupa zizame zote, kusiwe na hewa iliyobaki ndani (ukiona chupa inaelea jua kuna sehemu haijaguswa na maji), yachemke kwelikweli yale mapovu makubwa ndo uanze kuhesabu. CDC wanasema dakika 5, NHS wanasema angalau 10. Mi nilienda na kumi kwa sababu jikoni kwangu dakika tano zinaanza kuhesabiwa vibaya kila mara. Sufuria iwe ya kazi hiyo tu kama unaweza, na koleo la kutolea nalo lichemshwe humo humo.

Chupa za kioo ziweke kwenye maji ya baridi ndo upashe pamoja, ukiidumbukiza kwenye maji yanayochemka inaweza kupasuka. Za plastiki angalia zimeandikwa zinavumilia kuchemshwa. Na kama umerithi chupa za plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, za zamani, usizitumie, nyingi zilikua za plastiki ya polikaboneti yenye kemikali ya BPA, Umoja wa Ulaya waliikataza kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na Marekani wakaiondoa 2012.

Sasa ubaya wake. Sufuria haijizimi. Mwezi wa pili hivi nimeweka chupa nne jikoni nikakaa kwenye kochi "nipumzishe macho tu", niliamshwa na harufu ya mpira unaoungua, maji yamekauka, chuchu mbili zimegandana na sufuria na chupa moja imeinama kama mzee. Hakuna aliyeumia ila nilitetemeka mpaka asubuhi. Tangu hapo sikuchemsha bila alamu ya simu. Na hata usipounguza, kuchemsha kila siku kunachosha chuchu, zinavimba, zinanata, zinapasuka kwa kitobo, kwa hiyo hesabu kwamba utazibadilisha mapema kuliko mwenye mvuke. Kama nyumbani kuna mtoto mwingine anayetembea, sufuria ya maji yanayochemka mara nne kwa siku ni jambo la kulifikiria vizuri.

Mvuke wa umeme

Hii ndo ilinifanya nisikilize watu waliokua wananiambia najitesa. Unapanga chupa midomo ikiangalia chini ili mvuke uingie, unaweka maji kipimo kilichoandikwa, unabonyeza, unaondoka. Inachukua kama dakika 6 mpaka 12 kutegemea mashine, na inajizima, hilo neno la mwisho ndo ninalolipia mimi. Zinaingia chupa tano sita kwa mpigo. Ukiacha kifuniko bila kukifungua, nyingi zimeandikwa vilivyomo vinabaki salama mpaka masaa 24, kwa hiyo usiku unafungua ukihitaji tu. Lakini ukifungua ukatoa chupa moja, ile ahadi ya masaa 24 kwa zilizobaki imeisha, wengi hawalioni hili kwenye maelekezo.

Kasoro zake ni tatu. Inakula nafasi mezani. Umeme ukikata huna kitu, kwa hiyo mwenye mashine bado anahitaji kujua njia ya pili. Na sahani ya chini inajaa ukoko mweupe wa chokaa kama maji yenu ni magumu, unatoa kwa siki nyeupe na maji, unaacha iloweke, unasuuza, ukichelewa mashine inakua dhaifu au inazima kabla ya muda. Naongeza tu kwamba siki na jiki visikutane kabisa, sio kwenye beseni wala kwenye mashine, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini na hiyo sio ya kuchezea nyumba yenye mtoto.

Wanaouza mashine zenye kukausha wanasifia sana kukausha. Ni raha, ila sio lazima, nitarudi hapo.

Maikrowevu

Hapa kuna kosa moja ambalo lazima niliseme kwa sauti: kuweka chupa tupu ndani ya maikrowevu na kuiwasha sio kutakasa. Maikrowevu inapasha bila usawa, sehemu inaungua nyingine baridi. Kinachoua vijidudu ni mvuke, kwa hiyo unahitaji lile boksi lake au mifuko yake maalumu, unaweka maji kiasi kilichoandikwa, dakika chache tu kutegemea nguvu ya maikrowevu yako, imekwisha. Chupa zisifungwe vifuniko vikakaza, mvuke ukikosa pa kutokea shinikizo linapanda. Chochote chenye chuma hakiingii.

Kwa haraka hii inashinda zote. Mdogo wangu alikua anapiga chupa mbili wakati maji ya birika yanapoa. Kwa wingi inashindwa, boksi nyingi zinachukua chupa chache, na mifuko ina idadi ya matumizi ambayo ukiizidisha haina uhakika, ina vile viboksi vya kuweka alama na hakuna mtu anayeweka alama, tuseme ukweli. Mvuke ukifungua haraka unachoma mkono vibaya, subiri dakika mbili tatu. Mi ningeichukua kama njia ya pili au ya safari, kama huko uendako unajua kuna maikrowevu.

Maji baridi na klorini

Hii watu wanaidharau kwa ajili ya harufu na mi nadhani wanaionea. Unayeyusha kidonge kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, unazamisha vitu vyote, unatoa hewa, unaweka kifuniko au sahani ya kuvikandamiza visielee, dakika 30. Basi. Hakuna moto, hakuna umeme, hakuna kelele, na vitu vinaweza kukaa humo humo mpaka utakapovihitaji, maji unabadilisha kila baada ya masaa 24. Yale majuma mawili bila jiko, asubuhi natengeneza beseni, siku nzima naosha natumbukiza, natoa natumbukiza, sikuwahi kukosa chupa tayari. Kwenye hilo inaipita hata mashine ya mvuke.

Ukitoa unakung'uta, husuuzi. Najua roho inagoma, unaona unampa mtoto dawa, lakini ukisuuza kwa maji ya bomba umerudisha kile ulichokua unakikimbia. Kama harufu inakukera sana suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama huna vidonge, jiki ya kawaida isiyo na manukato inatumika, CDC wanatoa kipimo cha vijiko 2 vya chai kwa galoni moja ya maji, yani lita 3.8 hivi, unaloweka angalau dakika 2, ila angalia chupa ya jiki isiwe ile nzito ya gel au yenye sabuni ndani. Vidonge ni salama zaidi kwa mtu mwenye usingizi kwa sababu hakuna jiki ya kupima kwa kijiko.

Chuma hakifai humo, kinapata kutu. Nguo nyeusi nazo nilipoteza mbili, mikono yenye maji ya klorini na khanga haviendani. Na vidonge viwekwe juu, mbali na watoto wakubwa, vinafanana na pipi.

Mashine ya kuoshea vyombo na taa ya UV

Mashine ya vyombo: CDC wanakubali kwamba ikiwa inatumia maji ya moto na kukausha kwa joto, au ina kitufe cha kutakasa, huna haja ya hatua nyingine. NHS wanasema inaosha, haitakasi. Mi nakaa katikati, kwa mtoto wa miezi minne mwenye afya ningeiamini, kwa wa wiki mbili hapana. Vitu vidogo viingie kwenye kikapu chenye kifuniko la sivyo chuchu utaikuta chini imeyeyuka.

UV: mwanga unaua pale unapofika tu. Kivuli, tone la maji, kona ya ringi, hapo haujafika. Na mwanga wenyewe kwa muda unachosha plastiki na silikoni. Ni kabati zuri la kuhifadhia chupa kavu, mi ningeishia hapo.

Plastiki na joto

Mwaka 2020 watafiti wa Dublin walionyesha kwamba chupa za polipropilini, aina ya plastiki, zinaachia chembe ndogo ndogo sana za plastiki kwenye maziwa, na maji yakiwa ya moto zaidi zinaachia nyingi zaidi. Wengi waliposikia walitaka kuacha kutakasa, hiyo ni kuruka moto ukaangukia kaa, maambukizi kwa mchanga ni hatari ya leo. Walichoshauri wenyewe ni chepesi: ukishatakasa acha chupa ipoe, isuuze kwa maji yaliyochemshwa kwenye chombo kisicho cha plastiki yakapoa, korogea maziwa kwenye chombo cha kioo au chuma kwa maji ya moto, yakipoa ndo uhamishie kwenye chupa. Hicho chombo cha kukorogea nacho kitakaswe, usije ukaziba tobo hili ukatoboa pale. Au nunua za kioo, ambazo mi nilizipenda mpaka nilipodondosha ya pili.

Baada ya kutakasa

Hapa ndo kazi nyingi inaharibika. Mikono ioshwe kabla hujagusa. Usifute kwa kitaulo cha jikoni hata kama kinaonekana safi, kitaulo kinaweza kuwa na vijidudu. Unyevu kidogo ndani ya chupa iliyotoka kwenye mvuke au klorini hauna shida, kung'uta tu. Kama unaikausha, iache kwenye kitambaa safi ambacho hakijatumika mpaka ikauke yenyewe kabisa. Kama hutumii muda huo huo, ifunge na chuchu yake na kifuniko ukiwa bado mikono safi. Na maziwa yaliyotengenezwa hayakai mezani zaidi ya masaa mawili, akishaanza kunyonya ndani ya saa moja yaliyobaki yamwagwe, hata kama yanauma.

Mi ningechagua hivi

Kama mtoto ananyonya chupa tu, tangu siku ya kwanza, na umeme wenu hausumbui, mvuke, bila kufikiria mara mbili, afu weka paketi moja ya vidonge kabatini kwa siku ambayo haujawaka. Kama umeme unakuja na kuondoka, klorini iwe ndo njia yako kuu na sufuria iwe ya akiba, wala usione umekosa kitu. Kama mtoto ananyonya ziwa na chupa ni moja mbili kwa siku, usinunue chochote, sufuria na alamu ya simu zinatosha, na vile vipande vya pampu ya kukamulia vinavyogusa maziwa vinaingia humo humo (ule mrija wa hewa hauingii, ukiona una ukungu ndani tupa).

Na kama hali yenu ni kwamba maji safi ni ya shida na hata kuchemsha ni bahati, basi achana na chupa. Kikombe kidogo kilicho wazi hakina kona wala katundu, kinaoshika chote kwa maji ya moto na sabuni, na WHO wanakipendekeza badala ya chupa mahali ambapo usafi wa chupa hauna uhakika, hata kwa mchanga kabisa. Unamkalisha wima kidogo, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, maziwa yanafika tu mdomoni, humwagii, analamba mwenyewe taratibu. Siku mbili za kwanza nusu inaishia kwenye bibu.